Jina Lililozikwa Ng'ambo

Jina la mtu si shati la kuazimana. Shati likichafuka hufuliwa, likichanika hushonwa. Jina likishaharibika, mwenyewe hana dobi wala fundi wa kumpelekea. Wengi hulijua hilo jua likiwa limeshazama, na mmoja wao ni mwandika vibao wa mtaa ulio nyuma ya stendi ya mabasi, ambaye wateja, majirani na hata watoto wa shule walimwita Kibao.

Kibao aliishi kwa kuandika majina ya watu. Aliandika majina ya maduka, ya zahanati, ya vinyozi na ya mawakili, na mtu akifa aliandika jina lake pia, kwa rangi nyeusi ya mafuta, likasimikwe makaburini. Kazi yake ilikuwa na utaratibu. Alipiga mstari kwa uzi uliopakwa chaki, kisha akaanza na herufi ya katikati na kwenda nayo pembeni, huku na huku, ili jina lisije likabanwa mwishoni kama abiria wa mwisho kwenye benchi. Hakuwa mtu wa maneno mengi, ila akipanda ngazi aliimba. Mkewe, Mama Pacha, alikuwa na msemo wake: "Mume wangu akiimba, kazi inakwenda. Akinyamaza, jueni kuna duka limekosewa jina."

Nyumba yao ilikuwa na vyumba vitatu na ua mdogo wa kukaushia vibao. Chumba cha mbele kilikuwa cha mama yake Kibao, bibi mwembamba, mkali, asiyependa kusaidiwa kuinuka. Bibi huyu alikuwa na jambo moja ambalo watu wa nyumbani walishalizoea hata hawakuliona tena: hakumwita mwanawe kwa jina lake. Alimwita "wewe," alimwita "baba," alimwita "Kibao" kama wateja walivyomwita. Jina alilompa mwenyewe siku alipomzaa lilikuwa limeukimbia ulimi wake tangu mwaka ule alipopotea Mluzi.

Mluzi alikuwa mdogo wake Kibao, yule aliyemwachia ziwa. Jina hilo la utani alilipata kwa kupiga mluzi. Kila jioni alipokata kona ya stendi kurudi nyumbani, alipiga sauti ndefu zinazoshuka kama mtu anayeteremka ngazi taratibu, na Kibao akiwa kazini alimjibu kwa sauti zilezile zikipanda. Hayo yalikuwa mazungumzo yao, na yaliwatosha. Shuleni Mluzi hakufika mbali, alifeli mtihani wa mwisho na cheti hakupata. Kibao alifaulu vizuri, ila cheti chake hakukipeleka popote. Alipenda rangi na brashi, na karatasi ile ikabaki kwenye sanduku la mama.

Basi siku moja Mluzi akarudi na habari kwamba amechukuliwa jeshini. Kibao alishuka kwenye ngazi kabisa.

"Jeshini? Na cheti umetoa wapi, bwana mdogo?"

"Kaka, jeshini wanaangalia miguu, hawaangalii vyeti. Hii miguu umeiona?"

Walicheka wote wawili. Mama hakucheka. Alikuwa mlangoni, akakung'uta mkeka ambao haukuwa na vumbi.

Baadaye serikali ikapeleka vijana ng'ambo, kwenye vita vya watu wengine, na Mluzi akawa miongoni mwao. Hakurudi. Maafisa wawili walikuja nyumbani asubuhi moja, wakaketi na mama chumba cha mbele. Kibao alikuwa uani juu ya ngazi akiandika kibao cha shule, anaimba, hata hakusikia mlango ukifunguliwa. Aliposhuka kunywa maji wageni walikuwa wameshaondoka. Mama alikuwa amekaa kitandani, mikono yote miwili imefunika mdomo.

"Mluzi amepotea vitani," alisema. "Hajulikani alipo. Hakuna kaburi. Na sitaki mtu aniulize tena."

Hawakumuuliza. Walilia bila maiti. Mama hakwenda hata kufuatilia haki za marehemu, na ndugu walipomshauri aliwafukuza kwa maneno makali. Watu wakasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wakamwachia.

Lakini maiti asiye na kaburi hana pa kukaa, kwa hiyo hukaa kila mahali. Kibao alianza kuusikia ule mluzi mchana kweupe, katikati ya honi za mabasi, na mkono wake ukasimama hewani, rangi ikidondoka. Mara nyingine aligeuka akajibu, na utingo mmoja upande wa pili wa barabara akadhani anaitwa. Mama naye alilifunga dirisha lake la barabarani na halikufunguliwa tena hata wakati wa joto kali. Jioni, saa zile Mluzi alipokuwa akirudi, bibi aliinuka, akasimama na mkono juu ya komeo la dirisha. Hakufungua. Alisimama tu mpaka kiza kikaingia, kisha akarudi kulala. Wajukuu, wale pacha, waliambiwa bibi anasikiliza redio ya jirani.

Miaka ikaenda hivyo. Nywele za Kibao zikaingia mvi.

Ikatokea kwamba chama cha familia za askari waliofia ng'ambo kilipata nafasi ya kuwapeleka wazazi na ndugu wakayaone makaburi. Kibao ndiye aliyekiandikia chama kile kitambaa cha mkutano, na alipomaliza akamwomba mwenyekiti apate kiti katika safari. Mwenyekiti alimwambia wazi kwamba jina la mdogo wake halimo katika orodha ya waliozikwa kule, wala halimo hata kati ya waliotumwa.

"Najua," alisema Kibao. "Lakini si mmesema yapo mawe ya wasiojulikana? Nitachagua moja nililie. Hata kama si yeye, nitakuwa nimelia mahali."

Mwenyekiti, ambaye naye alikuwa amezika mtoto kwa picha, na hakumjua fundi huyu kwa jina jingine ila Kibao, akampa kiti.

Nyumbani mama aliposikia alishika fremu ya mlango.

"Usiende."

"Mama, wewe umezeeka. Hutaki kujua alikolala mwanao?"

"Nimesema usiende! Wafu waacheni na udongo wao. Ukienda kuchokoa utakuta usichokitaka."

"Nitakuta nini kibaya kuliko hiki?"

Mama alimtazama kama mtu anayetaka kusema, kisha akaingia ndani akajifungia. Mama Pacha alikuwa anakunja mashati ya safari. "Mkwe wangu huyu ana kitu tumboni," alisema. "Si huzuni. Huzuni haina hasira namna hii."

Katika safari Kibao aliketi jirani na mzee mmoja, dereva mstaafu wa malori, aliyempoteza mwanawe wa pekee katika vita hivyo. Mzee aliogopa ndege na aliificha hofu kwa maneno. "Mimi nimeendesha milimani maisha yangu yote," alimwambia Kibao, mikono imeng'ang'ania kiti, "lakini huyu kijana anayetuendesha haoni hata matuta. Mwambieni apunguze gia!" Watu wakacheka. Ndege ilipotulia mzee alitoa leso, akafuta macho bila kuificha.

Makaburi yalikuwa kwenye mteremko wa kilima kikavu, upepo wake wa baridi na usio na harufu. Mawe meupe yalipangwa kwa mistari, urefu mmoja, unene mmoja, na nyasi zimekatwa kama nywele za askari. Mtunza makaburi, mwanaume wa makamo mwenye buti za mpira, aliwapokea kwa kuvua kofia, na mkalimani akawaeleza: wenye majina watapelekwa kwenye majina yao, na mawe ya wasiojulikana yako chini kabisa karibu na ukuta.

Kibao aliteremka peke yake kuelekea ukutani. Alipita kati ya mistari polepole, na kama ilivyo kwa mtu wa kazi yake, macho yalianza kusoma uandishi kabla ya kusoma maneno. Aliona kwamba herufi zimechongwa na mtu anayejua. Zilikuwa na nafasi sawa, na mkia wa kila herufi uliishia panapostahili. Akasimama mbele ya jiwe moja kulipenda. Aliipenda herufi ya kwanza. Aliipenda ile ya katikati, jinsi ilivyowekwa pale ambapo yeye pia angeiweka. Ndipo herufi zikajikusanya zikawa neno, na neno likawa jina, na jina likawa lake.

Lilikuwa jina lake na la baba yake, na chini yake tarehe ya kuzaliwa kwake yeye, ile ile ya kwenye cheti cha shule.

Upepo haukuacha. Kibao aliweka mkono kifuani kama mtu anayetafuta kalamu mfukoni, na kwa kitambo hakuwa na hakika atakuta nini. Kuna watu wameota wamekufa, wakaamka wakacheka. Yeye alikuwa macho, juani, viatu vimejaa vumbi la ng'ambo, na alikuwa amezikwa.

Nyuma yake alisikia mkongojo. Dereva alikuwa amefika kwenye kaburi la mwanawe, na kaburi hilo lilikuwa ubavuni mwa lile jiwe.

"Kumbe ndiye huyu," alisema mzee akisoma. "Jirani wa mwanangu. Mwanangu alipokuja likizo alinitajia jina hili hili. 'Baba, tunaye jamaa mmoja akipiga mluzi hata aliyelala njaa anacheka.' Walikuwa kama kidole na pete, na wakalala pamoja. Wewe ulimjua?"

"Hilo jina ni langu."

"Sema vizuri, mwanangu. Hapa si mahali pa utani."

"Jina ni langu, mzee. Aliyemo humo ni mdogo wangu."

Akaketi chini, na pale pale mambo yakamjia yote kwa pamoja, kama kibao kilichoanguka na kuonyesha ukuta ulio nyuma yake: sanduku la mama, cheti alichokisahau, miguu ya Mluzi, mkeka usio na vumbi. Na akajua pia kwa nini mama yake hakumwita tena kwa jina. Maafisa walileta jina moja tu nyumbani kwao, na lilikuwa hilo.

Dereva alikaa naye, akamshika bega. Kisha akasema maneno ambayo watu wengi wema wangeyasema. "Umempata. Si ndilo ulilolijia? Mlilie, urudi. Mungu anamjua ni nani. Ukianza kufukua mambo haya utamwingiza mama yako matatani."

"Mungu anamjua," alisema Kibao. "Sisi je? Mtu amekufa, na hata kufa kwake kumeandikiwa mwingine. Wajukuu zangu wakija hapa watanililia mimi."

Alimwendea mtunza makaburi. Mtu yule alisikiliza mpaka mwisho, mkalimani akitafsiri, na hakushangaa sana. Alisema vita hujaa vijana wenye majina ya kaka zao. Jiwe linaweza kubadilishwa, alisema, lakini si kwa maneno ya mtu aliyepita njia. Aliyelitoa jina aape mbele ya wakili wa kwao kwamba alilitoa na alimpa nani. Kibao aliitazama brashi ndogo aliyozoea kutembea nayo mfukoni. Alitamani kupiga magoti alifunike jina lake kwa rangi na kuandika la Mluzi kwa mkono wake, lichakae na mvua lakini liwe kweli. Mtunza makaburi aliiona brashi, akatikisa kichwa kwa upole.

Kabla ya kuondoka Kibao alilipigia jiwe lile mluzi. Zilikuwa sauti zake za zamani, zinazopanda. Alisubiri. Watu walikwisha kuanza kupanda basi, naye bado anasubiri.

Aliporudi nyumbani alimkuta mama chumba cha mbele, amevaa vizuri, ameketi wima kitandani kama anayengojea hakimu.

"Umemwona?"

"Nimejiona," alisema Kibao.

Mama alifumba macho. Mama Pacha alikuwa mlangoni, akataka kuondoka, na bibi akasema, "Kaa, mwanangu. Nimechoka kulisema jambo hili peke yangu."

Akaeleza. Mluzi alimlilia wiki nzima, kwamba kaka ana cheti na hakitumii, kimekaa kinaliwa na mende, na yeye ana miguu na hana karatasi. "Nikaona mmoja ana jina asilolihitaji, mwingine hana la kwenda nalo. Wote si wangu? Nikafungua sanduku. Nikamwambia usimwambie kaka yako, atakataa."

"Ningekataa."

"Ndiyo. Ndiyo maana sikukuuliza."

Vidole vyake vilikunja pindo la khanga.

"Walipokuja wale maafisa, walivua kofia, wakaniambia wewe umekufa. Wakalitaja jina lako lote, na la baba yako. Na mimi nakusikia uani unaimba." Sauti yake ikawa nyembamba. "Nikasema, asante Mungu, wamekosea, mwanangu yuko hai. Nilifurahi, mwanangu. Kabla sijakumbuka jina lile nilimpa nani, nilikwisha kufurahi. Mwanangu mwingine amelala maiti, na mimi nimemshukuru Mungu. Tangu siku hiyo kila nikitaka kukuita, ile furaha inanijia mdomoni, chungu. Na jioni anakuja dirishani. Anapiga mluzi. Nitamfungulia nimwambie nini?"

Stendi iliunguruma nje. Mama Pacha alilia kimyakimya, uso ukutani.

Mtu mwenye huruma nyepesi angeishia hapo. Angesema mama ameshateseka vya kutosha. Lakini mateso hayalipi deni la ukweli. Huzaa mateso mengine tu, na Kibao alilijua hilo, maana ndiye aliyekuwa akiyalisha nyumbani mwake miaka yote bila kujua ni ya nani. Alipiga magoti mbele ya mama yake.

"Mama, kule makaburini wanataka kiapo. Aliyetoa jina ndiye arudishe."

"Wataniweka ndani, uzee huu."

"Huenda. Nitakuja nawe popote watakapokuweka. Lakini Mluzi amelala kwa jina la watu. Wewe ndiye uliyemzaa, hakuna mwingine anayeweza kumwita."

Bibi alimtukana. Alimwita mkaidi, alimwita hakimu wa vibao, akasema kama angejua angezaa mawe. Siku iliyofuata hakula. Siku ya pili, Kibao akiwa anachanganya rangi, mama alitoka uani amevaa viatu vyake vya kwenda mjini, mkoba kwapani.

"Huyo wakili wako yuko wapi?" aliuliza. "Twende kabla sijapata akili."

Wakili alikuwa kijana mwenye ofisi juu ya duka la dawa, na kibao cha mlangoni kwake kilikuwa cha Kibao mwenyewe. Alimsomea bibi onyo la sheria, akamuuliza kama ameelewa. Bibi akasema ameelewa kabla yeye hajazaliwa. Kisha akaulizwa: kati ya wanawe, ni yupi aliyekufa? Akalitaja jina la Mluzi, lile la kweli, kwa sauti ya kumwita mtoto aliye mbali. Na ni yupi aliye hai?

Hapo alikwama. Wakili akainua kalamu, akangoja. Mama alimgeukia Kibao, akamtazama usoni, midomo ikitembea bila sauti. Hatimaye jina likatoka, limekatika katikati, nusu yake pumzi. Wakili akaomba alirudie ili aliandike sawasawa. Akalirudia.

Polisi hawakumweka ndani. Walimwita, wakamhoji, wakamkaripia mtu mzima kama mtoto, naye akakubali kila neno, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Msimu ukapita, na mwingine. Ndipo mwenyekiti wa chama akaleta picha kwenye simu, iliyotumwa na mtunza makaburi: jiwe jipya, na juu yake jina la Mluzi. Mama aliishika simu kwa mikono miwili. Alipitisha kidole juu ya kioo na picha ikakimbia pembeni, akashtuka kama amemgusa. Mama Pacha akamrudishia.

"Sasa amekufa," alisema bibi. Jioni ile alisimama dirishani kama kawaida, ila mara hii alivuta komeo. Dirisha lilikuwa limeshikana na rangi ya miaka, ikabidi alisukume kwa bega. Vumbi la stendi likaingia, na kelele. Mluzi haukuwepo. Alisikiliza mpaka giza, na uso wake haukuonyesha kama kutokuwepo huko kulikuwa faraja au adhabu mpya.

Kibao naye hausikii tena. Amemwambia mkewe kwamba mchana umekuwa mkubwa mno bila mluzi ule. Na tangu arudi kutoka ng'ambo haimbi. Akipanda ngazi na wimbo ukamfika kooni, anamwona mama yake ameketi mbele ya kofia zilizovuliwa, anasikiliza, na wimbo unarudi chini.

Asubuhi moja alikuwa uani anaandika kibao cha duka la vitasa. Alikuwa amepiga mstari wa chaki, na herufi ya katikati ilikuwa bado mbichi. Nyuma yake sauti ikamwita kwa jina lake. Hakujibu. Baridi ya kile kilima ikampanda mgongoni, na kwa kitambo alidhani anayeitwa ni yule aliye chini ya udongo, akangoja amsikie akiitika.

Sauti ikaita tena, kwa ukali. Akageuka. Mama alikuwa ameshika fremu ya mlango.

"Naam, Mama."

"Mbona nakuita huitiki? Na mbona siku hizi huimbi?"

Rangi ilidondoka kwenye kidole chake.

"Imba," alisema bibi, na ukali ulikuwa umekwisha kumtoka. "Imba kidogo, nijue nimemwita nani."